Samaki wanapopigana baada ya bwawa kutengenezwa: si kila kifo ni sumu



Katika toleo hili tunazungumza juu ya jambo ambalo wengi wetu tumeliona kwa macho, lakini wachache tumelielewa. Samaki walikuwa wanakaa vizuri katika bwawa, au etangi kama tulivyozoea kusema. Ukatengeneza bwawa, ukaongeza alevini, ukatoa wale wakubwa, au ukahamisha samaki toka bwawa moja kwenda lingine. Siku mbili tatu zikapita. Basi, asubuhi moja unakuta mmoja anaelea. Kesho watatu. Kesho kutwa watano. Na palepale mtu anasema: "Kuna mutu alitupa dawa humu."

Mara nyingine kweli ni dawa. Lakini mara nyingi ni samaki wenyewe wanaouana. Tunataka kueleza kwa nini wanafanya hivyo, namna ya kutofautisha kifo cha vita na kifo cha sumu, na namna ya kufanya mabadiliko bila kuwasha moto ndani ya maji.

Kisa kilichotufundisha

Tuanze na kosa letu wenyewe, kwa sababu ndilo lililotufanya tuandike haya.

Chama kimoja upande wa Beni kilikuwa na bwawa la ari 2, maana yake mita za mraba 200. Ukuta ulikuwa unavuja. Wakati wa kiangazi wanamemba walifungua maji, wakatoa samaki, wakawaweka ndani ya mabeseni na bwawa dogo la pembeni. Wakaziba ukuta, wakatoa matope na mianzi ya zamani iliyokuwa imechomekwa kwenye kona, wakajaza maji tena. Siku iyo hiyo sisi tulifika na alevini wapya. Tulikuwa na haraka, gari lilikuwa linangoja, jua lilikuwa kali. Tukasema: "Wekeni wote pamoja, wa zamani na wapya, kazi iishe." Wakaweka.

Siku ya nne simu ilitufikia. Samaki wanakufa. Na habari ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza: wanamemba walikuwa wamekwisha kumtaja jirani wa juu, ambaye shamba lake la nyanya linapakana na mfereji wa maji. Huyo jirani na chama walikuwa na ugomvi wa zamani juu ya mfereji huo. Vijana walikuwa wanasema atalipa, na kama hatalipa ataona. Shefu wa kijiji alikuwa amekwisha kuitwa.

Ndugu zetu, mnajua mahali tunapoishi. Katika nchi ambayo watu wamekimbia vita, wameacha mashamba, wamerudi na kukuta wengine ndani yake, neno "sumu" si neno dogo. Linaweza kuchoma nyumba.

Tulipofika tuliomba jambo moja tu: tuonyeshwe samaki waliokufa. Walikuwa wamewekwa ndani ya beseni. Tuliwageuza mmoja mmoja. Karibu wote walikuwa wadogo, ni wale alevini tuliowaleta sisi. Mikia ilikuwa imechanika, magamba yametoka ubavuni, wengine jicho moja limeharibika. Wachache walikuwa na kitu cheupe kama pamba juu ya vidonda. Tukaangalia bwawani: vyura walikuwapo, viluwiluwi walikuwa wanaogelea pembeni, wadudu wa maji walikuwa wanakimbia juu ya maji. Na katikati ya bwawa, tilapia wakubwa walikuwa wazima kabisa. Tukakaa kimya kwenye ukuta, dakika kama 20. Tukaona kwa macho yetu: dume mmoja mweusi anatoka mahali pake, anamfukuza mdogo mpaka pembeni, anarudi. Baada ya muda kidogo anatoka tena.

Siku ile tulisema mbele ya shefu na mbele ya yule jirani: "Hakuna aliyetupa dawa. Kosa ni letu." Ilituuma kusema hivyo. Lakini ingetuuma zaidi kama tungenyamaza.

Kwa nini samaki wanapigana?

Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Kwa tilapia ni hivyo hivyo. Tilapia tunayofuga sana, ile ya Nile, ambayo pia ni mwenyeji wa Ziwa Edward na wavuvi wa Vitshumbi na Kyavinyonge wanaijua vizuri, ina tabia hii: dume akikomaa anatafuta mahali chini ya maji, anachimba shimo la mviringo kama sahani kwa mdomo wake, na hapo ni kwake. Jike anakuja pale, anataga mayai, dume anayarutubisha, kisha jike anayachukua mdomoni na kuondoka nayo. Jike anatunza mayai na watoto mdomoni kwa muda wa siku 10 hadi wiki mbili hivi, na siku hizo hali chakula au anakula kidogo sana. Dume anabaki analinda shimo lake.

Kwa hiyo dume halindi chakula tu. Analinda kiwanja. Na kama sisi watu, anayejua mipaka yake na jirani anayezijua hawapigani kila siku. Wamekwisha kupimana. Mkubwa anajulikana, mdogo anajua njia ya kupita. Ukiona bwawa limetulia, usifikiri hakuna vita; vita vilipiganwa zamani na mapatano yakafanyika.

Sasa wewe unaingia na mabadiliko. Mapatano yote yanavunjika. Hapa ndipo mambo manne hutokea.

Jambo la kwanza ni mipaka kupotea. Ukitoa matope, mianzi, mawe, au ukibadilisha kina cha maji, yale mashimo hayapo tena. Kila dume anaanza upya kutafuta mahali. Wanakutana, wanapimana tena, wanaumana.

Jambo la pili ni mgeni kuingia kwa mwenyeji. Watu wetu wanasema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa samaki ni kinyume. Mwenyeji ana nguvu kuliko mgeni, hata kama miili inalingana, kwa sababu anapajua mahali na analinda kilicho chake. Mgeni amechoka na safari, hajui pa kujificha, tena anaingia wakati wa mchana watu wote wanamwona. Kama ni mdogo, basi tena.

Jambo la tatu ni mkubwa kuondoka. Hili linashangaza wengi. Unavua yule dume mkubwa ili ulipe karo ya shule, unafikiri wengine watapata amani. Hapana. Kiti kikibaki wazi, wale waliokuwa chini wanakigombania. Wataalamu waliofanya kazi juu ya samaki mdogo wa Ziwa Tanganyika wa jamaa moja na tilapia waliona kuwa, dume mkubwa akitolewa, dume wa chini yake anaanza kubadilika rangi na kuwafukuza wengine katika muda wa dakika tu. Habari hiyo ilitolewa mwaka 2005. Si siku, ni dakika!

Jambo la nne ni njaa. Bwawa lililojazwa upya lina maji meupe, masafi. Tunafurahi kuyaona, lakini kwa tilapia maji masafi ni sahani tupu. Ile rangi ya kijani ndiyo chakula chake cha asili. Maji yakiwa meupe chakula ni kile tu unachotupa wewe, na ukikitupa mahali pamoja, wakubwa wanapafunga kama kizuizi cha barabarani.

Katika kisa chetu mambo yote yalikuwapo isipokuwa lile la tatu. Ndiyo maana hasara ilikuwa kubwa.

Hata wenye samaki wa mapambo wanalijua tatizo hili

Kuna watu Ulaya na Marekani wanaofuga samaki wa baharini ndani ya masanduku ya vioo nyumbani, na ndani yake wanaweka mawe na matumbawe kama yale ya baharini. Hawali samaki hao, wanawatazama tu. Wengine katika samaki hao wanatoka pwani ya Kenya, na samaki wa Ziwa Tanganyika nao wanauzwa huko kwa miaka mingi. Watu hao wanalalamika jambo lile lile letu: akisogeza mawe, au akiongeza samaki mmoja mpya, kesho yake yule aliyekuwa mpole anauma wenzake.

Mwanasayansi wa Austria, Konrad Lorenz, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1973, aliandika juu ya samaki wa matumbawe katika kitabu chake cha mwaka 1963. Aliona kuwa wanashambulia zaidi wale wa aina yao wenyewe kuliko wa aina nyingine. Inaeleweka: anayetaka shimo lako, chakula chako na mke wako ni yule anayefanana nawe. Hata bwawani kwetu dume wa tilapia anamwacha kambale apite, lakini hamwachi tilapia mwenziwe.

Hao wafugaji wa vioo wamegundua mbinu moja ambayo inatufaa hata sisi. Wakitaka kumwingiza mgeni, wanapanga upya mawe yote kwanza. Hivi hakuna mwenyeji tena, wote ni wageni siku iyo hiyo. Mtauliza: si tumesema kupanga upya kunaleta vita? Ndiyo, kunaleta. Kubadilisha mahali bila sababu kunawasha vita iliyokuwa imezimika. Lakini kama mgeni lazima aingie, afadhali wote wapoteze viwanja pamoja kuliko mgeni kuingia peke yake kwa wenyeji. Vita vya wote vinagawanyika, kila mmoja anapata kidogo. Vita vya mwenyeji na mgeni vinamwangukia mmoja.

Lakini angalieni vizuri: katika kisa chetu sisi bwawa lilikuwa limepangwa upya, na bado wageni walikufa. Kwa nini? Kwa sababu wa zamani walikuwa wakubwa na wageni walikuwa wadogo. Kupanga upya kunaondoa haki ya mwenyeji, lakini hakuondoi ukubwa wa mwili.

Ni vita, ni sumu, au ni hewa?

Kabla ya kutaja jina la mtu, kamati iende bwawani na iangalie mambo haya. Msizike samaki wala kuwatupa kabla ya kuwaangalia.

*Kama ni vita:*
- Wanakufa kidogo kidogo, siku nyingi, si wote mara moja.
- Wanaokufa ni wadogo, wageni, au wanyonge. Wakubwa ni wazima.
- Mikia na mapezi yamechanika, magamba yametoka, macho yameumia. Baada ya siku chache vidonda vinaota kitu cheupe kama pamba: ni ukungu wa maji, unaingia mahali ngozi imefunguka.
- Walio hai lakini wanyonge wanakaa pembeni kabisa au kwenye kona, rangi yao imekuwa nyeusi, hawaji kula.
- Vyura, viluwiluwi na wadudu wa maji wako wazima.

*Kama ni sumu, tuseme dawa ya nyanya au ya kabichi iliyoshuka na mvua:*
- Wengi wanakufa kwa saa chache, wakubwa kwa wadogo.
- Aina zote zinaguswa: tilapia, kambale, hata viluwiluwi na wadudu.
- Kabla ya kufa wanaogelea kama walevi, wanazunguka, wanaruka.
- Mwili hauna vidonda vya kuumwa.

*Kama ni upungufu wa hewa ndani ya maji:*
- Inatokea alfajiri, kabla ya jua.
- Samaki wote wako juu, wanafungua mdomo wakitafuta hewa. Jua likipanda wanashuka.
- Mara nyingi wakubwa ndio wanaotangulia kufa.
- Mara nyingi ulitupa mbolea au chakula kingi, au maji yamekuwa kijani kizito sana.

Dalili zinaweza kuchanganyika. Samaki aliyepigwa anakufa upesi zaidi hewa ikipungua. Lakini mkiandika kila siku wangapi wamekufa, wa ukubwa gani, saa ngapi, wana vidonda au hawana, baada ya siku tatu mtakuwa mnajua. Daftari la chama ni shahidi mzuri kuliko maneno ya vijana penye kinywaji.

Na kama dalili ni za sumu kweli, bado neno la kwanza si "nani?" Neno la kwanza ni "wapi?" Fungeni maji yanayoingia, fuateni mfereji kwenda juu, muulize jirani kwa heshima alinyunyiza dawa lini. Wengi hawajui kuwa dawa ya shambani inaua samaki wa chini.

Namna ya kufanya mabadiliko bila vita

Tumezipanga hatua hizi kufuatana na yale tuliyojifunza. Hazidai feza nyingi, zinadai uvumilivu.

1. *Siku ya kukausha bwawa iwe siku ya kuvuna.* Usikaushe bwawa kwa ajili ya ukarabati halafu urudishe samaki wote wa zamani. Uza na kula wakubwa. Anza upya na alevini wa ukubwa mmoja, walioingia siku moja. Hii peke yake inaondoa nusu ya matatizo.

2. *Ngoja maji yawe kijani.* Baada ya kujaza, weka mbolea katika kizimba cha mboji kwenye kona, ungoje siku 7 hadi 10. Kipimo ni mkono: zamisha mkono mpaka kwenye kiwiko. Kama huoni vidole vyako, maji yako tayari. Kama unaona mpaka kucha, ngoja. Kwetu Butembo na Lubero kuna baridi. Butembo iko juu ya mita 1,700, kwa hiyo unaweza kungoja zaidi kuliko ndugu wa Beni au wa bonde la Semuliki.

3. *Chagua kwa ukubwa.* Wapange samaki kwa mafungu: wadogo, wa kati, wakubwa. Kila fungu na bwawa lake. Kama chama kina bwawa moja tu, chagua fungu moja, mengine uza au umpe memba mwingine. Usichanganye.

4. *Usizidishe idadi.* Alevini 2 kwa mita moja ya mraba, maana yake 200 kwa ari moja, inatosha kwa bwawa la kijijini. Kuna wanaosikia kuwa samaki wakisongamana sana hawawezi kulinda viwanja, na vita vinapungua. Ni kweli katika matangi yenye mashini ya kutia hewa. Bwawani kwetu kusikokuwa na mashini, utawaokoa na meno ya wenzao halafu uwaue kwa kukosa hewa.

5. *Waingize jioni au asubuhi na mapema.* Jua likiwa kali samaki wa safari anachoka mara mbili. Acha bido au mfuko uelee juu ya maji ya bwawa kwa muda wa dakika 15 hadi 30, ukitia maji ya bwawa kidogo kidogo, ili baridi ya maji ilingane. Kisha inamisha, waache watoke wenyewe. Usiwamwage kama mchanga.

6. *Waingize wote siku moja.* Wale wa leo wakitangulia, wa wiki ijayo watakuta wenye viwanja.

7. *Kama lazima uongeze wageni katika bwawa lenye wenyeji,* tengeneza kizimba cha wavu wa matundu madogo, ukifunge kwenye miti minne ndani ya bwawa. Weka wageni humo kwa siku kadhaa. Wanazoea maji, wanakula, wanaonana na wenyeji bila kuguswa. Wakue kwanza mpaka wakaribie ukubwa wa wenyeji, ndipo uwafungulie, jioni, baada ya kuwashibisha wote. Tafadhali usitumie chandarua cha kuzuia malaria. Watoto wako wanakihitaji kuliko samaki.

8. *Weka maficho.* Vifungu vya mianzi au matawi upande mmoja wa bwawa vinampa mnyonge mahali pa kupumua, na vinasumbua ndege na wezi wa nyavu pia. Usiviweke bwawa zima, utashindwa kuvuta wavu wako mwenyewe.

9. *Lisha mahali pengi.* Gawanya pumba na majani katika sehemu tatu au nne za bwawa, mara 2 au 3 kwa siku kwa chakula kidogo kidogo. Dume mmoja hawezi kufunga njia zote.

10. *Badilisha jambo moja kwa wakati mmoja.* Umevua wakubwa? Wiki hiyo usiongeze wageni. Umeshusha maji? Wiki hiyo usitoe maficho. Hata kiangazi cha Januari na Februari, na kile cha Juni na Julai, maji yakipungua, mashimo ya madume yanasogeleana na vita vinaongezeka vyenyewe. Si wakati wa kuongeza mambo mengine.

Neno juu ya kambale

Kambale ana shida yake. Yeye hapiganii shimo; anakula mwenziwe. Kambale wadogo, hasa katika wiki za mwanzo, wakikosa chakula au wakitofautiana ukubwa, mkubwa anaanza kuuma mkia wa mdogo na kuacha kichwa, na akizidi kukua anammeza mzima. Ukiona vichwa vinaelea, au idadi inapungua bila maiti kuonekana, usikimbilie kusema wezi walikuja usiku. Pepeta kwa ukubwa kila wiki au kila wiki mbili, na usiwaache na njaa.

Wengine wanaweka kambale wachache katika bwawa la tilapia ili wale watoto wa tilapia wanaozaliwa kila mara na kujaza bwawa. Ni mbinu nzuri. Lakini kambale anapoingia awe mdogo kuliko tilapia uliowaweka, la sivyo atakula mtaji wako kabla ya watoto kuzaliwa.

Na wale wanaozalisha alevini

Katika bwawa la kuzalishia, madume wengi ni hasara. Wanapigana wao kwa wao na wanamchosha jike mpaka anatema mayai. Weka dume 1 kwa majike 3. Kuwatofautisha, mgeuze samaki mwenye gramu 50 au zaidi, angalia chini ya tumbo karibu na mkia: dume ana matundu mawili, jike ana matatu. Mwanzoni utakosea. Mwombe agronomu akuonyeshe, kisha fundisheni na vijana; macho yao ni makali kuliko yetu.

Kama vita vimekwisha kuanza

Msikaushe bwawa tena kwa hasira. Mtaanza vita vya pili. Fanyeni hivi: ongezeni maficho upande mmoja, ongezeni chakula kidogo na mkisambaze, toeni waliokufa kila asubuhi, vueni wale wenye vidonda muwaweke katika kizimba cha wavu. Kama wadogo na wakubwa wamechanganyika, njia ya kweli ni kuwatenganisha kwa wavu, jioni, kwa upole. Kwa samaki waliolingana ukubwa, mara nyingi baada ya siku chache hadi wiki moja mambo yanatulia yenyewe, kwa sababu kila mmoja amepata mahali pake.

Chama kile kiko wapi leo?

Tulikuwa na deni. Tulirudi na alevini wengine, safari hii wa kizimba, na tulingoja mpaka samaki wa zamani wavunwe. Wanamemba walitaka kujua kama tutamrudia yule jirani. Walikwenda wenyewe, mwenyekiti na mama mweka hazina, na kilo mbili za samaki. Tuliambiwa kuwa hakusema mengi. Alisema tu: "Mukianza kuvuna tena, muniite nisaidie kuvuta wavu." Na sasa akitaka kunyunyiza nyanya anatuma mtoto kwanza, ili chama kifunge mlango wa maji.

Ndugu zetu, tangu wakati wa Wabelgiji watu wamechimbishwa mabwawa katika Kongo yetu. Miaka ya 1950 kulikuwa na mengi sana, na baadaye mengi yaliachwa, yakaota majani. Sababu moja ilikuwa kwamba watu walipewa samaki na koleo bila kuelezwa tabia ya samaki mwenyewe. Hatutaki kurudia hilo. Bwawa si shimo la maji tu. Ndani yake kuna kijiji, kina wenyeji na wageni, wakubwa na wadogo. Anayeingia na mabadiliko aingie taratibu.

Maswali ya kuzungumza katika mkutano wa chama

- Mara ya mwisho samaki wetu walipokufa, tulikuwa tumebadilisha nini katika siku 7 za nyuma?
- Je, tuliwaangalia waliokufa, au tuliwatupa upesi?
- Ni nani kati yetu anaandika daftari la bwawa? Kama hakuna, nani ataanza wiki hii?
- Majirani walioko juu ya mfereji wetu ni nani, na mara ya mwisho tulizungumza nao lini, bila ugomvi?

Chama kitakachojibu swali la mwisho kabla ya samaki kufa, kitakuwa kimeokoa kitu kikubwa kuliko samaki. Kazi njema, na mavuno mema.